Viporo vya Bi Helve

Bi Helve Kuusik aliileta kompyuta yake Jumanne
ndani ya mfuko wa mboga, imeviringishwa skafu,
akaitua juu ya meza yangu, karakana ya Mtaa wa Tähe,
kama mtu aletaye paka mgonjwa.
"Inahema," alisema. "Usiku kucha inahema."

Nikaifunua. Feni ikapiga yowe.
Juu ya kivinjari, vichupo mia na themanini na vitatu,
vimebanana hata kila kimoja kimebaki ukucha,
hakuna jina linalosomeka,
meno ya kitana tu.
"Nifunge vingapi?"
"Hata kimoja."

Nimezoea. Kila mtu ana viporo:
nia aliyoipika jana, akaifunika,
akasema kesho nitaipasha moto.
Ila viporo vya Bi Helve vilikuwa na miaka.

Nauli ya treni kwenda Riga, bei ya zamani.
Namna ya kuziba kodiani inayovuja pumzi.
Goti linalolia likipanda ngazi: sababu kumi.
Uyoga gani huota chini ya misonobari, na upi huua.
Tena goti.
Ramani iliyokuzwa mpaka paa moja jekundu huko Narva,
hakuna njia iliyoulizwa, paa tu.
Mkate mweusi, chachu ya siku tano.
Goti mara ya tatu, safari hii kwa Kirusi.
Hali ya hewa ya Hobart,
ambako, nilivyokuja kujua, mwanawe Margus
huamka yeye anapolala.

Nikamweleza kazi inavyotaka:
tuviwekee alamisho, tuvipange katika makabrasha,
Safari, Afya, Jikoni,
mashine ipate kupumua. Hakitapotea kitu.
Alinitazama kwa jicho la mwalimu wa jiografia
(alifundisha miaka thelathini na minne).
"Kijana, nikishakihifadhi nimekizika.
Kilicho wazi kimenipigia hodi,
na mimi bado sijakiambia karibu."

Sikuwa na jibu. Nikaongeza kumbukumbu,
nikapuliza vumbi, na nywele za paka kweli zilikuwemo,
na jioni, giza la Desemba limeingia tangu saa tisa,
mashine, bila kuniuliza, ikaamua kujisasisha.

Skrini nyeusi. Kiduara kinazunguka.
Asilimia nne.
Asilimia nne.
Nikachemsha kahawa, nikaisahau.
Ilipowaka, kivinjari kilikuwa cheupe,
kichupo kimoja, kitupu,
kama sahani ya mgeni asiyefika.

Kuna kitufe cha kurejesha yaliyokuwepo.
Nilikibonyeza nimebana pumzi.
Vikarudi kimoja kimoja, vikijikokota:
goti, mkate, Riga, goti.
Mia na themanini na vitatu. Nilihesabu mara mbili.
Lakini cha arobaini na kitu kilirudi na anwani tu,
na chini yake: ukurasa huu haupatikani.

Kwaya ya wanawake ya Annelinn, ilisema anwani.
Niliitafuta mpaka usiku. Tovuti ilishazimwa,
pengine miaka mingi. Haikuwa ikiishi popote
ila humu, kwenye mashine isiyozimwa,
ikihema.

Asubuhi nilimwambia ukweli.
Alivaa miwani, akasoma yale maneno
polepole, kama orodha ya waliofaulu.
"Alhamisi," alisema. "Saa kumi na mbili na nusu.
Chumba cha pili, na uje na viatu vya ndani."
Nilikuwa na kidole juu ya kitufe.
"Nikifunge hiki kimoja?"
"Ngoja."

Akalipa euro thelathini, akahesabu chenji.
Hakuniruhusu kuizima. Aliiviringisha skafu
ikiwa macho, akaiweka mfukoni juu ya karoti,
na nikaisikia feni yake mpaka mlangoni,
kisha yeye, akishuka ngazi
upande upande, kwa lile goti.